Nakundwa na Mboga za Kiangazi

"Injika kwanza, ndipo uchume." Msemo huu una mwenyewe, una mahali pake, na una siku uliyozaliwa. Ulianza kama Bibi Nanzia alivyowasimulia vijana watatu waliorudi kijijini baada ya kumaliza chuo.

Vijana hao walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watoto waje Jumatatu kusoma katika maktaba mpya. Chumba chenyewe kilikuwa bado kimejaa magunia ya mahindi ya watu, na vitabu vilikuwa bado mjini Moshi. Shangazi mmoja aliwasikiliza mpaka mwisho, akawatazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Injika kwanza, ndipo uchume," kisha akajitwika ndoo yake akaenda zake. Ndipo walipomfuata Bibi Nanzia, aliyekuwa akimenya karanga mlangoni mwa jiko lake.

"Bibi, shangazi ametutukana au ametushauri?" aliuliza Anaeli, mkubwa wao.

"Amewapa mali," Bibi alijibu. "Kaeni. Lakini mikono isikae bure. Menyeni karanga huku mnasikiliza, na atakayekula nyingi kuliko anazomenya nitamjua."

Akaanza.

Zamani, kabla mama zenu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji kiitwacho Mkundini, chini ya milima ya Upare, pale mlima unapokwisha na nyika inapoanza. Kiangazi cha Mkundini hakikuwa cha mchezo. Ardhi ilipasuka, na kuku walitembea midomo wazi. Maji yalishuka kutoka mlimani kwa kijito chembamba, yakakusanywa katika ndiva, yaani bwawa dogo la mawe na udongo walilolichimba mababu. Ndiva ikijaa ilifunguliwa, na maji yakateremka kwa mifereji hadi mashambani. Kila kaya ilikuwa na zamu yake, na zamu moja ilikuwa ndiva moja iliyojaa. Aliyekosa zamu wakati wa kiangazi aliiaga bustani yake.

Kila mwaka, kabla ya zamu kugawiwa, kijiji kizima kilitoka siku moja kuzoa tope ndivani. Kazi ya pamoja ya namna hiyo Wapare huiita msaragambo. Kila kaya ilitoa mwanamume mmoja na jembe lake, kwa kuwa siku hizo mwanamke hakuruhusiwa kuchimba ndivani. Kaya moja tu ilisamehewa jembe, nayo ni ile iliyojitolea kuwapikia wachimbaji. Kaya hiyo ndiyo iliyopewa zamu ya kwanza. Lakini palikuwa na sharti: chakula kiishe. Vyungu vikibaki na chakula, ilihesabiwa kwamba kaya hiyo haikufanya kazi, na zamu yake waligawiwa wengine.

Mwaka huo palikuwa na mke kijana aitwaye Nakundwa. Alikuwa ameolewa Mkundini miezi minane tu, akitokea juu kabisa mlimani, kwenye baridi na ukungu. Mumewe, Mbonea, alianguka akiezeka paa mwezi mmoja kabla ya msaragambo, akavunjika mguu. Nyumba ikabaki bila mtu wa jembe. Alichokuwa nacho Nakundwa ni bustani.

Na bustani ile, wajukuu zangu, ilikuwa ya kutazamwa! Mvua zilipokoma, wenzake waliacha zao zikauke wakingoja zamu za maji. Nakundwa hakukubali. Kila tone la maji yaliyotumika nyumbani kwake lilipata kazi ya pili. Maji ya kunawia, maji ya kuoshea vyombo, hata maji aliyomwogeshea mumewe, aliyabeba kwa kibuyu akayamimina shinani, mche baada ya mche. Mchicha wake ulisimama hadi magotini. Mnavu uling'aa kama umepakwa mafuta. Nyanya ziliinamisha miti yake, bamia zilisimama wima, na majani ya kunde yaliufunika ua mzima. Watu waliokuwa wakienda zao nyikani walipunguza mwendo walipofika hapo. Lakini maji ya kibuyu yana mwisho. Kijito kilizidi kupungua, na wanawake waliambiwa wachote mtungi mmoja kwa siku. Bila zamu ya ndiva, bustani ile isingemaliza wiki mbili.

Basi Nakundwa alikwenda kwenye kikao cha maji, akapiga goti mbele ya Mzee Sengasu, msimamizi wa ndiva, akasema, "Mzee, mume wangu hawezi kusimama. Nipeni kazi ya kupika."

Mtu wa kwanza kusema alikuwa Kirumbi, jirani yake, mwenye migomba kando ya mfereji. "Vizuri, shemeji. Utachinja mbuzi wangapi?"

"Sina mbuzi, shemeji. Nina bustani."

Kikao kikaangua kicheko. Kirumbi akasimama kabisa. "Sikilizeni, jamani! Tangu kuumbwa kwa dunia majani huliwa na mbuzi, na mbuzi huliwa na sisi. Huyu anataka tukale zamu ya mbuzi!"

Mzee Sengasu alingoja kicheko kiishe. "Sharti linasema chakula kiishe," akasema. "Halisemi chakula gani. Mke wa Mbonea, umepewa. Wachimbaji ni thelathini na wawili. Wakibakisha, usinililie."

Nakundwa alirudi nyumbani, wala hakumweleza mtu alivyopanga. Mama mkwe wake, Mama Mbonea, alikaa nyumba ya pili. Alikuwa mwanamke wa maneno makali, na Nakundwa alitaka kumwonyesha kwamba mke wa mwanawe anaweza. Kwa hiyo hakumuuliza lolote. Alifanya kama walivyofanya kwao.

Na kwao mlimani mboga za shughuli huchumwa jioni. Ukungu hushuka, huzifunika, na asubuhi utazikuta na umande, mbichi kuliko ulivyoziacha. Basi jua la siku ya mwisho kabla ya msaragambo lilipoanza kulegea, Nakundwa aliingia bustanini na kuchuma mchicha wote na mnavu wote. Alijaza matenga matano, akayashindilia vizuri, akayafunika kanga na kuyapanga nyuma ya nyumba. Nyanya na bamia na majani ya kunde aliviacha kwa sababu matenga yalikwisha. Akaenda kulala akitabasamu.

Mkundini hakuna ukungu. Kuna upepo unaotoka nyikani, mkavu, wa moto, nao haupumziki.

Asubuhi alipofunua kanga hakuamini macho yake. Majani ya juu yalikuwa yamelala kama matambara. Aliingiza mkono chini akakuta joto, kama amegusa tumbo la mgonjwa wa homa. Mboga zilizobanana zilikuwa zimetoa maji na harufu. Alifungua tenga la pili, na la tatu, na yote yalikuwa hivyo hivyo.

Mama Mbonea alikuja kuazima moto, akamkuta amepiga magoti katikati ya matenga.

"Ulichuma lini?"

"Jana jioni, mama. Kwetu sisi..."

"Kwenu kuna ukungu," mama mkwe alisema. "Hapa usiku nao hupika." Aliokota jani moja, akalinusa, akalitupa. "Basi umeshawapikia, mwanangu. Umesahau chumvi tu."

Nakundwa alilia. Alilia kwa ajili ya mboga alizozilea kwa kibuyu miezi yote ile, ambazo hazikumlisha mtu. Alilia pia kwa kuwa sasa alijua watakavyocheka.

"Lia," Mama Mbonea alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika, "lakini lia huku unatembea. Twende tukaone kilichobaki."

Walizunguka bustani pamoja. Nyanya zilikuwapo, nyingi, nyekundu. Bamia zilikuwapo, na nyanya chungu, na maboga machanga yenye ukubwa wa ngumi. Majani ya maboga yalikuwa yametambaa hadi njiani, na ua wa kunde haukuwa umeguswa. Ilikuwa nusu ya bustani. Kwa watu thelathini na wawili ingetosha, kama lisingepotea hata jani moja.

"Tuchume upesi," alisema Mama Mbonea. "Tupike nyumbani, tujitwike, tupande ndivani. Ni mwendo wa saa nzima, lakini tutafika."

Nakundwa aliupangusa uso wake kwa ncha ya kanga. Alitazama jua, ambalo lilikuwa limeshaanza kuuma. Aliwaza bamia zilizopikwa asubuhi zikiwasili mchana zimekuwa ute. Aliwaza majani ya kunde yakiwa meusi chunguni, na Kirumbi akiyachungulia.

"Mama," akasema polepole, "kwa nini mboga itembee? Atembee mtu."

"Una maana gani?"

"Wao ndio waje hapa. Tuinjike vyungu humu humu bustanini. Makande tutayapika tangu sasa, kwa kuwa makande hayaogopi kungoja. Lakini mboga zikae kwenye miti yake. Zisikatwe mpaka chungu kiwe kinaziita."

"Chakula hupelekwa ndivani, mwanangu. Ndiyo desturi."

"Mzee Sengasu alisema sharti ni kiishe. Hakusema kiliwe wapi."

Mama Mbonea akacheka, na kicheko chake kilikuwa nadra kama mvua ya Januari pale Mkundini. "Haya. Na nikifukuzwa huko juu, nitakuja kukung'ata."

Walipanga mafiga katikati ya matuta. Mahindi na maharage, yaliyolowekwa tangu jana, yaliinjikwa katika vyungu viwili vikubwa. Mbonea alijikongoja kwa gongo lake, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mguu wake umenyooka mbele, akakatakata vitunguu na kusaga karanga, machozi yakimtoka, akisema ni vitunguu. Jua lilipokaribia utosi, Mama Mbonea alipanda ndivani mwenyewe. Hakuna ajuaye aliwaambia nini wanaume wale, ila walishuka wote, matope hadi viunoni, wakinung'unika njia nzima.

Walipofika walikuta vyungu vinachemka, makande yako tayari, na mahali pa mboga hapana kitu.

"Mboga iko wapi?" aliuliza Kirumbi kwa sauti ya kusikika na wote.

"Umesimama karibu nayo, shemeji," alijibu Nakundwa. "Angalia usiikanyage."

Watu wakatazama chini, wakatazama ua, wakatazamana. Wengine walianza kucheka, wengine kukasirika, maana njaa ya msaragambo haina utani. Nakundwa alisimama mbele yao.

"Baba zangu na shemeji zangu, leo mmenikuta mikono mitupu. Mboga nilizochuma jana zimeoza kwa ujinga wangu. Hizi zilizobaki sikuthubutu kuzikata mapema tena. Naweni mikono mnisaidie kuchuma, na kabla jasho halijawakauka mtakuwa mnakula."

Hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Watu wenye njaa, wakioneshwa nyanya, hawana adabu. Mmoja alikwishajaza kofia yake, mwingine anavuta jani la boga kwa nguvu za jembe. Mama Mbonea akarukia katikati yao na mwiko juu.

"Wee! Acha! Acha hapo hapo! Injika kwanza, ndipo uchume! Mafuta hayajapata moto, wewe umeshaing'oa nyanya! Unaipeleka wapi, kwa mama yako?"

Basi ikawa kazi kwa mpango. Samli ilitiwa chunguni, vitunguu vikalia, na vilipobadilika rangi ndipo Nakundwa aliinua mkono na kusema, "Nyanya!" Nyanya zikaja mbio kutoka kwenye miti, bado zina joto la jua, zikapasuka zilipogusa mafuta, na harufu ikawafanya wanaume wazima wameze mate kwa sauti. "Maboga!" Yakaletwa, yakakatwa papo hapo. Bamia ziliingia mwisho kabisa, nzima nzima, zikachemka kidogo tu zikaepuliwa. Kwenye chungu cha pili maji yalikuwa yanaruka. Majani ya kunde na ya maboga yalimenywa nyuzi zake na wazee waliokaa kivulini, yakatumbukizwa, yakageuka rangi ya kijani iliyokolea, na hapo hapo yakatiwa karanga za Mbonea. Mzee Sengasu mwenyewe alipewa kazi ya kuchuma nyanya chungu, na kila alipochuma moja alirudi kuuliza kama chungu kiko tayari.

Mara tatu Nakundwa alipika, mara tatu vyungu vikaisha. Watu walikula kimya. Ni kimya kile ambacho mpishi yeyote angekinunua kama kingeuzwa. Mzee mmoja asiye na meno alisema kwamba hajala mchuzi wa namna ile tangu mama yake afariki, na alisema hivyo akitazama pembeni. Kirumbi alirudi na bakuli lake mara nne. Mara ya nne alikuta chungu kinakwanguliwa.

"Zamu ya mbuzi ni tamu, shemeji?" aliuliza Mbonea kutoka juu ya kinu.

"Nyamaza, wewe kiwete," alisema Kirumbi akilamba kidole. "Sasa najua kwa nini mbuzi wananenepa."

Mzee Sengasu alizunguka, akainamia kila chungu, akainuka. "Vimeisha," akatangaza. "Mke wa Mbonea amefanya kazi. Zamu ya kwanza ni yake."

Lakini Nakundwa alipogeuka kuitazama bustani yake aliona vishina vitupu. Alikuwa amewapa kila kitu. Vishina vile vingechipua tena kama vingepata maji mengi, tena upesi, hadi kwenye mizizi. Kama visingepata, basi ndiyo ungekuwa mwisho wake.

Alasiri watu wote walikusanyika ndivani. Kijito kilikuwa kimerudishwa humo tangu mchana, na maji yalikuwa yamepanda, safi, yakimeta juu ya udongo uliosafishwa. Kirumbi akapiga hatua mbele.

"Mzee, huyu mama ametulisha vizuri. Tusimcheleweshe. Zibueni sasa hivi, maji yamfuate nyumbani!"

Watu wakashangilia. Wawili wakashika gogo lililoziba tundu la ndiva. Kirumbi hakuwa mtu mbaya, ila migomba yake ilikuwa inakufa kwa kiu, na ilikuwa chini ya mfereji ule ule, mahali ambapo ukingo ulikuwa umebomoka.

Nakundwa alikwishafungua kinywa kusema asante. Moyo wake wote ulikuwa kwenye vishina vyake. Lakini alikuwa ameufuata mfereji ule alipokuwa akipanda, akauona. Haukuwa umepitisha maji miezi mitano. Nyasi zilikuwa zimeujaza, nyufa zake zingeweza kumeza mkono, na penye migomba ya Kirumbi ulikuwa wazi upande mmoja. Ndiva nzima ingemwagika humo na isifike bustanini hata kibuyu kimoja. Na zamu ya pili ingemrudia baada ya wiki tatu.

"Subirini," akasema.

"Tusubiri nini, mwanangu?" aliuliza Mzee Sengasu. "Maji si ndiyo uliyoyatafuta?"

"Ndiyo, mzee. Lakini mfereji haujawa tayari kuyapokea." Akainama kwa aibu, kisha akainua uso, akasema kama mama mkwe wake alivyosema: "Injika kwanza, ndipo uchume."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani wa bustanini. Mmoja baada ya mwingine waligeuza macho kuufuata mfereji, wakateremka nao kwa macho, wakafika penye migomba, wakasimama hapo. Mzee Sengasu aliwaamuru wale wawili waliachie gogo likae mahali pake.

"Thelathini na wawili tumekula kwake," akasema. "Nani ana jembe?"

Walishuka na mfereji wakiupalilia, wakizoa nyasi, wakiziba nyufa kwa udongo wa ndiva uliokuwa bado mbichi. Walipofika penye ukingo uliobomoka, watu walimpisha mwenye migomba. Kirumbi alivua shati, akaingia mferejini, akajenga ukingo ule mwenyewe, jiwe juu ya jiwe, mpaka ukawa imara kuliko pengine pote. Jua lilipokuchwa, mfereji ulikuwa safi toka juu hadi chini.

Kulipopambazuka, ndiva ikiwa imejaa hadi mdomoni, Mzee Sengasu alizibua. Nakundwa alisimama mwisho wa mfereji, Mbonea kaegemea gongo kando yake. Walisikia maji kabla ya kuyaona. Yakaja yakisukuma vumbi mbele yake, yakaingia bustanini, yakajipenyeza tuta hadi tuta, yakavizunguka vishina vyote. Siku ya tano mchicha ulichipua. Siku ya kumi na nane walikula mboga, na bakuli moja lilipelekwa kwa Kirumbi, ambaye wiki moja baada ya zamu ya Nakundwa alikuwa amepata zamu yake halali na migomba yake ikapona.

Tangu hapo, Mkundini na vijiji vyote vya chini ya mlima, mtu akikimbilia kung'oa jambo jema kutoka mahali linapoishi kabla hajaliandalia pa kwenda, hatukanwi wala hachekwi. Huambiwa kama Nakundwa alivyosema ukingoni mwa ndiva, yeye aliyeijua maana yake kwa machozi na kwa matenga matano ya mboga:

"Injika kwanza, ndipo uchume."